Alumini inanata kwenye kisu: kosa ni la kulanti, la maji au la fundi?

Fundi Puli · #1
Wakuu salaam. Nina lezi na milingi za zamani, mashine za kukereza na kuchonga metali. Kazi yangu kubwa ni puli za mashine za kusaga na za pampu, zile zinazomwagwa mtaani kwa chakavu, na mara mojamoja napata kazi ya bamba la alumini la dukani. Kulanti yangu, yaani kimiminika cha kupozea kisu, ni maji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Puli zinakerezeka ila kisu kinakufa mapema. Bamba ndiyo balaa: alumini inajipachika kwenye ncha ya kisu mpaka ncha yenyewe huioni, na uso wa kazi unatoka na makovu. Kazi ikilala na maji usiku, asubuhi ina madoa meusi. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue oili ya kuchanganya na maji, ndoo ya lita 20, na bei inauma. Ile oili ina kitu gani ambacho sabuni haina? Au naenda kununua maji meupe?

Chura Msimbazi · #2
Natia nanga hapa. Mafundi waje, na wauza ndoo nao waje.

Mkongwe wa Gerezani · #3
Kijana, alumini ni mafuta ya taa. Kikopo, brashi, unapaka unakata. Ukitaka uso ung'ae unaongeza oili kidogo. Kwenye tapu, kile kisu cha kukatia meno ya nati, tulikuwa tunapaka mshumaa, meno yanatoka safi. Maji ni ya chuma cheusi. Hayo mengine ni biashara za watu.

Kisu Kikali · #4
Mkongwe shikamoo. Ila mleta uzi hajatuambia anakata na nini. Tunaanzaje kujadili kulanti kabla ya kukijua kisu? Fundi Puli, kwenye milingi unatumia endimili (kile kisu kinachozunguka) ya meno mangapi, ya HSS (chuma cha kukatia) au kabaidi (ngumu zaidi ya HSS), na imepakwa rangi gani? Spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu, inafika mizunguko mingapi?

Fundi Puli · #5
Milimita 12, HSS, meno manne, haijapakwa kitu. Spindo mwisho wake 1,200 kwa dakika.

Kisu Kikali · #6
Mimi nimemaliza. Meno manne kwenye alumini laini ni kujitafutia kesi. Maranda ya alumini ni manene na mengi, yanahitaji nafasi ya kutokea. Meno manne hayana nafasi hiyo, kwa hiyo maranda yanazunguka na kisu, yanakatwa mara ya pili, yanashindiliwa, yanaganda. Tafuta ya meno mawili, au matatu, iliyojipinda sana, nyuzi 45 hivi, na mifereji yake iwe imeng'arishwa. Ncha iwe kali ya kukata kucha. Na ukija kununua kabaidi usichukue ile iliyopakwa tabaka lenye titani na alumini, wenyewe wanaandika TiAlN au AlTiN. Hiyo ni ya chuma kigumu. Kwa alumini chukua isiyopakwa kabisa. Kulanti utaifikiria baadaye.

Injinia Bila Ofisi · #7
Kisu Kikali uko sahihi nusu. Nusu nyingine ni kasi, na hapo ndipo kulanti inapoingia.

Tufanye hesabu. Kipenyo 12, mizunguko 1,200: ukingo wa kisu unakwenda kama mita 45 kwa dakika. Kwa alumini huo ni mwendo wa chini. HSS inaweza kuvuka mita 60 hata 100 kwa dakika kwenye alumini laini, na kabaidi huenda mita 300 na zaidi. Ukiwa chini huko ndipo kinapojengeka kile kipande cha alumini juu ya ncha. Kinakua, kinabomoka, kikibomoka kinaondoka na chembe ya kisu au kinabaki kwenye kazi yako kama kovu.

Mwendo ukiwa mdogo, unachohitaji kutoka kwenye kimiminika ni utelezi. Mwendo ukiwa mkubwa, unahitaji kupoza na kusukuma maranda, maana hata hicho kimiminika hakipati muda wa kupenya kati ya randa na kisu. Maji peke yake ni bingwa wa kupoza: gramu moja ya maji inabeba joto karibu mara mbili ya gramu moja ya oili, na joto linapita ndani ya maji kwa wepesi kama mara nne kuliko ndani ya oili. Lakini kwa utelezi maji ni sifuri. Ile ndoo inakuja kuziba pengo hilo: matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, pamoja na dawa za kuyafanya yasikutane. Ndiyo maana yanakuwa meupe. Ndani yake kuna asidi za mafuta au esta ambazo upande mmoja wa molekuli unashika metali na upande mwingine unabaki nje unateleza. Sabuni yako ya vyombo imetengenezwa iondoe mafuta kwenye sahani. Umeiajiri ifanye kazi iliyo kinyume na yake.

Kibao Kata · #8
Elimu nzuri. Kwa hiyo alumini inayeyuka kwa sababu inayeyukia nyuzi 660, joto dogo, inamwagikia kisu halafu inaganda. Ukipoza tu basi imeisha.

Dada Lezi · #9
Kibao Kata hapana, haiyeyuki. Fundi Puli anakata kwa mita 45 kwa dakika, hizo nyuzi 660 azitoe wapi? Na tatizo lake lingekuwa la kuyeyuka lingezidi kasi ikipanda, wakati mara nyingi kasi ikipanda linapungua.

Kinachotokea ni kugandamana. Alumini ya kawaida imefunikwa na ngozi ya oksidi, nyembamba mno lakini ngumu sana. Kisu kikikata, kinafunua alumini mpya isiyo na ngozi. Hiyo mpya, ikibanwa kwa nguvu kwenye chuma cha kisu, inashikana nacho ikiwa bado yabisi kabisa. Kazi ya mafuta hapo ni kuifikia ile sehemu tupu kabla haijashika chuma. Kwa hiyo namuunga mkono Injinia kuhusu utelezi, simuungi mkono anayesema kupoza tu.

Mwana Kariobangi · #10
Wadau, salamu kutoka Nairobi. Mbona mnateseka? Sisi hapa Light Industries, mtaa wa karakana wa Kariobangi, alumini tunakata kavu, kompresa inapuliza upepo kwenye kisu, maranda yanaruka, maisha yanasonga. Ikianza kunata, unapuliza ukungu kidogo wa mafuta na upepo uleule, matone tu. Hakuna tangi, hakuna harufu, maranda yanatoka makavu, na dila wa skrapu hakukati bei. Yaliyolowa yanauzwa hasara.

Mkongwe wa Gerezani · #11
Umesikia? Hata huyo wa Nairobi anatumia mafuta, si maji.

Injinia Bila Ofisi · #12
Mkongwe, sikatai mafuta ya taa yanakata. Ni mepesi, yanapenya, na kwa kazi ya kikopo na brashi yanatosha. Ila mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 38 na kuendelea, na karakana ya Dar mwezi wa pili inakaribia huko yenyewe. Mwagia tangi zima lizunguke, weka grainda jirani inayorusha cheche, halafu niambie.

Mkongwe wa Gerezani · #13
Grainda jirani na lezi unaweka wewe. Sisi tulifundishwa.

Mzee wa Tanuri · #14
Mnabishana wote na hakuna aliyeuliza alumini gani. Mimi namwaga. Fundi Puli ana alumini mbili zenye tabia mbili, na yeye mwenyewe kazitaja bila kujua.

Bamba la dukani mara nyingi ni la alumini karibu tupu, laini, linavutika. Hilo ndilo linalonata. Puli zinatokana na chakavu, na chakavu chetu ni pistoni, vichwa vya injini, rimu. Pistoni peke yake ina silikoni kama asilimia 12. Hiyo silikoni inakaa ndani kama chembe ngumu, zinasaga kisu. Ongeza mchanga wa kalibu ulioganda usoni na ngozi ya oksidi iliyozama ndani kwa sababu mtu hakuondoa takataka za juu kabla ya kumwaga. Kisu kufa kwenye puli si habari ya kunata, ni habari ya kusagwa. Kulanti ya bei yoyote haiondoi mchanga. Pita mara ya kwanza kwa kina, kisu kiingie chini ya ganda, kisikwaruze juu juu.

Kisu Kikali · #15
Mzee wa Tanuri umenena. Kwa puli weka kabaidi, HSS kwenye silikoni ni kuitesa bure.

Fundi Puli · #16
Asanteni. Sasa kuna jambo niliona aibu kulisema. Maji yakikaa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu karakana inanuka mayai viza. Wateja wanauliza kama choo kimeziba.

Chura Msimbazi · #17
Kumbe ndiyo wewe. Tulikuwa tunalaumu mto Msimbazi.

Kibao Kata · #18
Hiyo dogo. Weka kostiki soda kijiko, wadudu wote kwisha.

Dada Lezi · #19
JAMANI HAPANA. Kostiki inakula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Alumini inaumizwa na asidi na inaumizwa na magadi vilevile. Kulanti nzuri inakaa kwenye pH (kipimo cha asidi na magadi) ya kama 8.5 mpaka 9.3. Chini ya hapo wadudu wanasherehekea na chuma kinashika kutu, juu ya hapo alumini inaingia madoa. Fundi Puli, yale madoa yako ya asubuhi ninayaweka humo: maji yenye chumvi na magadi yakilala juu ya alumini. Kausha kazi kabla hujafunga mlango.

Harufu ni bakteria wanaoishi pasipo hewa, wanakula salfeti na kutoa gesi ya mayai viza. Wikiendi pampu imezimwa, oili ya reli za mashine inaelea juu kama kifuniko, hewa haiingii. Toa ile oili ya juu kila jioni, hata kwa kuipangusa na gazeti, na kama unaweza acha kipampu cha samaki kinapuliza hewa ndani ya tangi. Tangi likishanuka, usiongezee dawa juu ya uchafu. Mwaga, sugua kuta na mabomba, ndipo ujaze. Ukijaza juu ya tope, wadudu wa zamani wanawapokea wageni.

Mpemba Muscat · #20
Asalaam alaykum. Mimi niko Oman kwenye karakana ya mitambo. Mbona hakuna aliyeuliza maji anayachota wapi? Kama ni kisima cha Dar, kile chenye ladha ya chumvi, hapo hata oili ya dhahabu itakatika. Kalisi na magnesi za maji magumu zinashikana na ile dawa inayotawanya mafuta, yanatoka mabonge ya utando kama maziwa yaliyoganda, mafuta yanapanda juu, chini mnabaki na maji tu. Kloridi nazo zinaleta kutu kwenye meza ya mashine. Na maji yanapokuwa mvuke chumvi hazitoki, kila ukiongezea maji unaongeza chumvi. Ugumu ukizidi 200 ppm (sehemu 200 kwa milioni) jihadhari. Sisi huku maji yetu ni ya bahari yaliyosafishwa, hayana ugumu, lakini nayo yana fitina yao: povu. Maji laini mno yanatoa povu mpaka linamwagika chini.

Fundi Puli · #21
Ni kisima. Na sabuni haitoi povu vizuri, nilidhani ni sabuni feki.

Mpemba Muscat · #22
Hebu! Jibu umelitoa mwenyewe. Kinga maji ya mvua kwenye simtanki, uchanganye na hayo ya kisima kiasi, povu lisikuzidi.

Injinia Bila Ofisi · #23
Kabla hajaharibu ndoo: maji kwanza, oili baadaye, huku unakoroga. Wengi wanafanya kinyume halafu wanapata mchanganyiko uliogeuka, mzito, usiotulia. Tangi la lita 100 kwa asilimia 8 ni maji lita 92 na oili 8. Halafu usiongezee maji matupu kila siku kwa macho. Kinachopungua zaidi ni maji, kwa hiyo ongezea mchanganyiko mwepesi wa asilimia 2 au 3, na upime.

Kibao Kata · #24
Kupima ni kile kidarubini cha kupimia sukari ya miwa. Kikisoma 8 ni asilimia 8. Hilo nalijua bila kukosolewa.

Injinia Bila Ofisi · #25
Pole, bado. Kinasoma Brix, kipimo cha sukari. Kila kulanti ina namba yake ya kuzidishia, imeandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Namba ikiwa 2, ukisoma 4 ndiyo asilimia 8. Asiye na karatasi hiyo usimpe hela.

Kibao Kata · #26
Naanza kuondoka uzi huu.

Mwana Kariobangi · #27
Usiende boss, bila wewe tungejifunzaje?

Kisu Kikali · #28
> Mkongwe wa Gerezani alisema: Maji ni ya chuma cheusi.

Hili nilirudie. Mwenye kuanzisha mambo haya kwa vipimo ni Mmarekani Frederick Taylor. Mwaka 1883 aliona kwamba mkondo mkubwa wa maji ukielekezwa pale randa linapotoka, kasi ya kukata inaweza kupandishwa kwa asilimia 30 hadi 40. Maji yenyewe yalitiwa soda ili mashine zisishike kutu. Hakukuwa na oili humo. Kwa hiyo kupoza peke yake kunaweza kufanya kazi kubwa.

Dada Lezi · #29
Kwenye chuma, Kisu Kikali. Taylor alikuwa anakata chuma, na adui yake alikuwa kisu kulainika kwa joto. Adui wa Fundi Puli ni kunata. Umemuunga mkono Mkongwe bila kutaka.

Mkongwe wa Gerezani · #30
Nimeona. Asante binti.

Mbongo Stuttgart · #31
Ninafanya kazi kiwandani Ujerumani, naongeza upande wa afya maana naona mnazungumzia kisu tu. Huku karatasi ya vipimo inaning'inia kwenye kila mashine: ukolezi, pH, naitriti (aina ya chumvi). Naitriti ikivuka miligramu 20 kwa lita hatua zinachukuliwa, kwa sababu ikikutana na aina fulani za kemikali ziitwazo amini ndani ya kulanti inazaa nitrosamini, na hizo ni za saratani. Ndiyo maana siafiki kutupa chumvi za kuzuia kutu ovyo kwenye tangi. Ngozi nayo: mikono ikilowa siku nzima inakauka, inapasuka, inawasha. Paka mafuta ya ngozi kabla na baada, badilisha ovaroli iliyolowa. Glavu usivae mbele ya spindo inayozunguka, itakuvuta mkono. Na ule ukungu anaousifu wa Kariobangi, unavutwa puani vilevile.

Mwana Kariobangi · #32
Huku mlango ni ukuta mzima, upepo unapita. Lakini nimekusikia.

Bi Mtama · #33
Nipo Mombasa, si fundi, mume wangu ndiye fundi. Yeye hutia mafuta ya nazi kwa brashi akikata alumini. Kazi zake zang'aa. Mnasemaje?

Dada Lezi · #34
Bi Mtama, ana akili. Mafuta ya nazi yana asidi za mafuta zinazoshika metali, ni ndugu za zile zilizo kwenye ndoo ya bei. Kwa brashi na mwendo mdogo yanafaa sana, pengine kuliko mafuta ya taa. Tatizo yakikaa yanachacha, na hayachanganyiki na maji bila dawa. Chini ya nyuzi 24 yanaganda, ila Mombasa hilo si tatizo.

Chura Msimbazi · #35
Arusha mwezi wa saba anakereza huku anakwangua mafuta kwa kijiko.

Mkongwe wa Gerezani · #36
Mafuta ya nazi tulipikia.

Mzee wa Tanuri · #37
Kabla uzi haujaingia jikoni. Maranda yaliyolowa kulanti yasiende kwenye tanuri, wallahi. Maji yakizama chini ya alumini iliyoyeyuka yanageuka mvuke papo hapo na kurusha chungu chote. Anika juani, kisha pasha moto pembeni ya tanuri, ndipo utie. Na msiyafungie mabichi kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, maana alumini mpya na maji hutoa haidrojeni polepole.

La pili: si kila cheupe chepesi ni alumini. Maganda ya injini ya Volkswagen kobe ni ya magnesi, na hata mifuniko ya baadhi ya misumeno ya kukatia miti. Maranda ya magnesi yakishika moto, usimwagie maji wala hiyo kulanti, moto unazidi. Mchanga mkavu. Kijaribio cha mtaani: tone la siki juu ya sehemu iliyokwanguliwa, magnesi inatoa mapovu mara moja, alumini inanyamaza.

Fundi Puli · #38
Wakuu, mrejesho. Nimepata endimili ya meno mawili, kali. Tangi nimelisafisha. Rafiki kanipunguzia oili ya kuchanganya, nimechanganya asilimia 8 kwa maji ya mvua. Bamba limetoka safi, kunata kumepungua mno, na uso ukilala hauna madoa. Puli bado zinakula kisu kama kawaida.

Kisu Kikali · #39
Meno mawili hayo. Nilisema mapema kabisa.

Injinia Bila Ofisi · #40
Ni utelezi. Mwendo wake ni uleule wa mita 45, kilichobadilika ni mafuta.

Mpemba Muscat · #41
Ni maji ya mvua, ndugu zangu. Angeichanganya oili hiyohiyo na maji ya kisima tungekuwa tunaomboleza.

Mzee wa Tanuri · #42
Na puli?

Dada Lezi · #43
Amebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kwa hiyo hakuna wa kujisifu. Fundi Puli, rudisha ile ya meno manne, kulanti ileile, bamba lilelile. Ikinata, Kisu Kikali kashinda. Isiponata, ni Injinia au Mpemba.

Fundi Puli · #44
Ya meno manne nimeshamuuzia jirani anayechonga chuma, nikapata hela ya kufuta deni la oili.

Chura Msimbazi · #45
Jirani yuko humu? Aje na bamba.